Naomba ushauri: hatari ya tetemeko iliyobaki chini ya kisiwa cha Siberut, Indonesia

Wataalamu wa jiolojia na walimu wenzangu, nawasalimu kwa heshima. Ninaandaa somo la matetemeko ya Sumatra kwa kidato cha tano, na nimekwama. Pale ambapo bamba la Bahari ya Hindi (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linazama chini ya Sumatra, mpaka wa mabamba umefyatuka kipande kwa kipande: Aceh mwaka 2004 (ukubwa wa 9.1), Nias mwaka 2005 (8.6), kisha Bengkulu mwaka 2007 (8.4). Kipande kilicho chini ya Siberut, kisiwa kimojawapo cha visiwa vya Mentawai magharibi mwa Sumatra, kilichofyatuka kwa nguvu mwaka 1797, bado kimeshikilia mkazo mwingi.

Nimejaribu kukadiria hatari kwa wastani wa miaka kati ya tetemeko moja na jingine, lakini matumbawe ya huko, ambayo hufa vichwa pale ardhi inapoyainua juu ya maji, yanaonyesha matetemeko makubwa huja kwa makundi, takriban kila karne mbili. Wastani basi unapotosha.

Naomba kuuliza: je, ni sahihi kuwafundisha wanafunzi kwamba tetemeko la 2007 lilifungua kundi jipya? Na kwa kuwa mpaka wa Mentawai umeelekea kusini-magharibi, tsunami yake ingeifikia pwani ya Tanzania na Kenya kwa nguvu kama ya 2004, au ingepungua?