Mama anaamka saa nane usiku kila siku, ni ugonjwa au ndo uzee?

MamaNajma
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu hasa mnaofuatilia mambo ya tafiti. Mama yangu ana miaka 68, nimemleta Dar mwezi wa nne baada ya baba kufariki maana kule Kondoa alikuwa anabaki peke yake. Shida ni usingizi. Saa mbili na nusu usiku keshalala, ikifika saa nane macho makavu na hapo ndo basi tena mpaka kunakucha. Nasikia mlango wa jikoni unalia, nikitoka namkuta kwenye kigoda anachambua choroko kwa mwanga wa tochi, punje moja moja, vijiwe anaweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Hasumbui mtu ila mi roho inaniuma, naona kama hana raha kwangu.

Wiki mbili zilizopita nikaenda duka la dawa mtaani nikajieleza, nikapewa vidonge vya usingizi bila hata kuulizwa mgonjwa ana umri gani. Kameza siku mbili, ya tatu anaenda chooni usiku akayumba akajigonga bega kwenye fremu ya mlango. Nimevificha. Swali langu, mtu mzima akilala masaa matano na nusu ubongo hauharibiki? Maana kila nikisoma mtandaoni ni masaa nane masaa nane, la sivyo kumbukumbu inapotea.

Mwl_Karatu
Pole sana kwa msiba dada, na pole kwa mama. Nimefundisha Karatu miaka tisa, na kule bondeni kwenye Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini, kumefanyika utafiti wa usingizi ambao naona unakuhusu kabisa, ulitoka 2017. Waliwavalisha watu wazima 33 vifaa kama saa mkononi vinavyorekodi mtu anavyojigeuza usiku, siku 20 mfululizo, na mmoja wa watafiti ni Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwahiyo sio habari ya wazungu peke yao. Sasa sikia matokeo: ukijumlisha masaa yote, zaidi ya 220, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ni 18 tu! Muda mwingine wote kuna mtu yuko macho, mmoja anajigeuza, mwingine kaamka anachochea moto, mwingine katoka nje kujisaidia. Na hakuna aliyepangiwa zamu ya ulinzi, inatokea yenyewe kwa sababu umri unabadilisha saa ya mwilini, wenye umri mkubwa wanalala mapema na kuamka mapema, vijana wanachelewa kulala na kuchelewa kuamka.

Wale watafiti wanasema inawezekana kabisa usingizi mwepesi wa wazee ulikuwa na kazi yake enzi watu wanalala porini na simba yuko jirani, bibi na babu wakiwa macho wengine wanasinzia salama. Mimi nilivyosoma nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, hakuna mbwa aliyebweka usiku yeye asijue amebwekea nini.

Kuhusu masaa nane, kuna utafiti mwingine wa 2015 kwa Wahadzabe hao hao, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme kabisa, ikaonekana wanalala kati ya masaa 5.7 na 7.1 tu kwa usiku. Wasan na Watsimane hata neno la tatizo la kukosa usingizi hawana kwenye lugha yao. Usimpe mama hofu ambayo yeye mwenyewe hana.

Kibopa77
Mwalimu nakuheshimu ila tuwe makini hapo. Watu 33 ni wachache, halafu walikuwa wa miaka 20 mpaka 60, mama wa MamaNajma ana 68. Na Wahadzabe ni watu wa leo kama mimi na wewe, sio picha ya mababu wa miaka elfu ishirini iliyopita, wana historia yao na majirani zao Wadatoga na Wairaki. Kwamba wazee waliamka usiku ili walinde wengine ni dhana nzuri ila bado dhana. Kinachoonekana kweli kwenye zile data ni kwamba umri unasogeza usingizi, basi.

Mwl_Karatu
Sawa mkuu, ya umri sikuisema na ilitakiwa niiseme. Ila hapo kwenye umri kusogeza usingizi ndo penyewe. Mama kalala saa mbili na nusu, kaamka saa nane, amelala masaa matano na nusu na usiku bado mrefu. Angelala saa nne angeamka saa tisa na nusu au saa kumi, tusingekuwa na huu uzi.

NesiWaZamu
Mimi ni nesi, niko wodi ya watu wazima. MamaNajma umefanya vizuri kuvificha, na usimrudishie. Dawa nyingi za usingizi hasa jamii ya diazepam kwa mtu aliyevuka 65 hazishauriwi, zinaleta kuyumba, kuanguka na kuchanganyikiwa, na kuvunjika nyonga kwa mama wa umri huo ni balaa nimeliona kwa macho. Siku hizi tiba ya kwanza kwa usingizi uliosumbua muda mrefu sio kidonge, ni kurekebisha ratiba yenyewe: unachelewesha kupanda kitandani kidogokidogo, unaamka saa ileile kila siku, na ukiwa macho unatoka kitandani. Hilo la mwisho mama yako analifanya tayari bila kufundishwa na mtu.

Ila naomba unijibu haya kabla hatujasema ni uzee. Je, kinachomuamsha ni mkojo? Kama ndio akapimwe sukari, na kama ana dawa ya presha ya kukojoza uliza kama anaweza kuimeza asubuhi. Anakoroma halafu pumzi inakatika? Mchana analala? Na kubwa zaidi, anakula? Analia? Kuamka alfajiri na mapema halafu mtu hana hamu ya kitu ni dalili mojawapo ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na huyu amefiwa juzi tu.

UmmuSalma
Kwetu Tanga bibi alikuwa anaamka saa tisa anaswali tahajudi kisha anakaa na tasbihi mpaka adhana, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Mwacheni mama achambue choroko zake.

MamaNajma
Jamani asanteni sana. NesiWaZamu, hakoromi na mkojo sio sana. Mchana kweli analala kwenye kochi toka saa saba mpaka saa tisa, sikuwahi kufikiria kama ni tatizo. Kula anakula, sema hamalizi.

Jana nilipousikia mlango nikatoka nikakaa naye, nikachukua ungo nikachambua na mimi. Kama nusu saa hatujaongea. Nikamuuliza mama, kwani saa nane kuna nini? Akaniambia miaka miwili ya mwisho baba alikuwa hawezi kujigeuza, saa nane ndo alikuwa anamgeuza ubavu asipate vidonda, na saa kumi na moja tena. Alarm hakuwahi kuwa nayo. Mimi hilo sikulijua, nilikuwa natuma hela tu na kupiga simu Jumapili.

Jumatatu nampeleka kliniki. Kulala nitamchelewesha pole pole, jioni tutakuwa tunakaa barazani na Najma mpaka saa tatu kwanza.

NesiWaZamu
Hilo la kumgeuza baba mwambie daktari hivyohivyo kama ulivyoliandika hapa. Na ubebe vile vidonge aone ni vipi.