Kuonja jini Barcelona kwa kuongozwa: nijiandaeje, na chupa nitaisafirishaje?

Binti_Bandari

Wakuu, heshima kwenu. Naenda Barcelona na nimeshalipia kikao cha kuonja jini (ile pombe kali, gin): aina sita kavu, yaani bila kuchanganywa na kitu, kisha glasi moja ya jini na toniki (soda chungu) ya kufungia. Kinaanza saa moja jioni na kinachukua saa mbili. Anayeongoza anaeleza kwa Kihispania na Kiingereza. Mvinyo naujua kidogo, lakini pombe kali kuionja kavu sijui hata pa kuanzia.

Naomba mnisaidie: nile nini kabla, glasi inanuswaje bila kuunguza pua, na je, kutema ni utovu wa adabu? Halafu kuna nyongeza ya kulipia ambapo mtu anakeneka (anachemsha na kukusanya mvuke) chupa yake mwenyewe ya nusu lita. Ina maana au ni ya kupigia picha tu? Na chupa yenyewe inapandaje ndege?

Mzee_wa_Kaunta

Dada, nianze na kutema, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Si utovu wa adabu. Mezani panatakiwa pawe na chombo cha kutemea. Usipokiona, omba kabla glasi ya kwanza haijamiminwa, hata kikombe cha karatasi kinatosha. Asiyetema, akifika glasi ya nne ulimi umeshakufa ganzi, na kuanzia hapo anasifu kila kitu.

Kunusa sasa. Mazoea ya mvinyo yaache mlangoni. Mvinyo unauzungusha kwenye glasi ili harufu ipande. Ukizungusha jini ya asilimia 40 na kitu, kinachopanda kwanza ni mvuke wa kilevi, nao ndio unaounguza pua. Shika glasi kwa mguu wake, ianzie chini ya kidevu, ipandishe polepole mpaka ukingo uwe kama sentimita tatu chini ya pua, mdomo ukiwa wazi kidogo. Vuta pumzi fupi mbili, si moja ndefu. Ikiunguza, teremsha na ungoje. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako; zile punje za kahawa wanazopitisha mezani zinakuongezea harufu nyingine tu.

Glasi inayofaa ni ndogo, yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ile kubwa ya mviringo ambayo Wahispania wanaiita copa de balón ni ya barafu na toniki. Wakikumiminia jini kavu humo, mililita 20 zinapotea chini na harufu inatawanyika. Omba ndogo.

Kunywa: chukua kama nusu kijiko cha chai, lizungushe mdomoni, tema. Funda hilo la kwanza usilihukumu, kazi yake ni kuuzoesha mdomo ukali. La pili ndilo la kuandika. Kisha ongeza maji ya kawaida yasiyo na gesi, kiasi kilekile cha jini: mililita 20 za asilimia 42 pamoja na 20 za maji zinakupa asilimia 21 hivi, na hapo ndipo ganda la limau, giligilani na mizizi vinapojitokeza. Kukiwa na ile kali ya asilimia 57, usitumie nusu kwa nusu. Hiyo inataka karibu mililita 34 za maji kwa 20 za jini ili ifike palepale. Wengi wanasahau, halafu wanasema jini kali "haina ladha ila moto".

Angalia pia joto. Jini iliyotoka kwenye friza inateleza vizuri lakini imefungwa: hutasikia kasoro wala uzuri. Nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi ndizo za kuonjea. Vikao vya kitalii hupenda kuileta baridi kwa sababu hakuna anayelalamika.

Mpangilio ukae hivi: za kawaida zenye junipa (kitunda kinachoipa jini ladha yake kuu) mbele zitangulie, zifuate za machungwa na malimau, kisha za majani ya Mediterania, halafu zilizolazwa kwenye mapipa, halafu kali, na zenye sukari mwisho kabisa. Ukiona ile ya rangi ya waridi imewekwa ya tatu, iruke uirudie baadaye. Sukari yake inaifanya ya nne ionekane chungu hata kama haina kosa.

Hesabu_Kali

Mzee amemaliza upande wa ulimi, mimi niweke namba. Glasi sita za mililita 20 ni mililita 120. Kwa wastani wa asilimia 42 hapo kuna mililita 50 za kilevi kitupu, sawa na gramu 40 hivi. Ile ya toniki ikiwa na mililita 50 za jini inaongeza gramu 16 au 17. Jumla gramu 56, na mwili huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani ukimeza zote, unazibeba mpaka alfajiri.

Mwanamume wa kilo 70 akitoka hapo saa tatu usiku anaweza kuwa na karibu gramu 1 kwa lita ya damu, mara mbili ya kile kiwango cha 0.5 kinachotumika nchi nyingi za Ulaya. Mwanamke wa kilo 60 anazidi hapo. Kwa hiyo hakuna gari, na skuta ya umeme ni vilevile: Hispania anayeendesha skuta anapimwa pumzi kama dereva mwingine. Metro ya Barcelona inafika saa sita usiku Jumapili hadi Alhamisi, saa nane usiku Ijumaa, na Jumamosi inakesha. Ukitema zile sita, unabaki na glasi moja tu ya kuihesabu.

Chakula: pale jikoni za usiku hufunguliwa kuanzia saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo usiseme utakula kwanza mgahawani halafu uende. Kula saa kumi na moja, kitu chenye wanga na mafuta kidogo, kisicho na pilipili wala vitunguu saumu vibichi. Kahawa iishe saa moja kabla. Usipige mswaki dakika za mwisho, dawa ya meno inaua ladha ya machungwa yote. Manukato usijipake kabisa, utawaharibia na majirani. Mezani wataleta zeituni, lozi na pengine nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Vya chumvi viache mpaka glasi ya mwisho. Kati ya jini na jini ni maji na mkate mtupu.

Jambo la dawa: kama unatumia metronidazole (Flagyl), ahirisha. Toniki nayo ina kwinini. Kidogo, ndiyo, kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani, miligramu 83 kwa lita, chupa ya mililita 200 haifiki miligramu 17, na kidonge cha tiba ni mamia. Lakini aliyewahi kudhurika na kwinini asiiguse hata hiyo kidogo, aombe soda ya kawaida.

Binti_Bandari

Shukrani sana wakuu. Maswali mawili ya nyongeza. Nimeona picha ambapo jini ikitiwa maji inageuka ukungu, imeharibika? Na nitajuaje kwamba anayeongoza anajua anachosema, hatusomei tangazo la kampuni?

Shaba_Nyekundu

Ukungu si kuharibika. Mafuta ya mimea yanayeyuka kwenye kilevi, hayayeyuki kwenye maji. Ukishusha asilimia, mafuta yanajitenga kwa chembe ndogo sana na mwanga unatawanyika. Maana yake mimea ilikuwa mingi, basi. Ikiwa na ukungu ndani ya chupa iliyofungwa, kwenye joto la chumba, hapo ndipo pa kuuliza. Na kama inabadilika kutoka buluu kwenda waridi ukitia toniki, ni ua lenye rangi inayogeuka inapokutana na asidi, huo ni mchezo wa macho.

Kasoro za kweli unazinusa. Harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha: mkenekaji hakukata mwanzo wa mkeneko. Harufu ya katoni iliyolowa au mboga iliyochemka kupita kiasi: aliuacha mkia, yaani sehemu ya mwisho ya mkeneko, uingie. Machungwa yaliyochacha: mara nyingi chupa imekaa wazi, nusu, muda mrefu, na hapo kosa ni la baa. Waombe uone chupa zimebaki kiasi gani.

Anayeongoza mpime kwa swali moja: "London" kwenye lebo ina maana gani? Akisema imetengenezwa London, unajua mlipofika. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ni namna ya kutengeneza, na inaweza kufanyika popote: ladha yote itokane na kukeneka mimea halisi, isitiwe rangi, na sukari isizidi gramu 0.1 kwa lita. Jini yoyote Ulaya haishuki chini ya asilimia 37.5. Kwa hiyo akikuonyesha ya waridi na kuiita London, funga daftari.

Kuhusu chupa yako mwenyewe: lipia kama mtungi wa kukenekea ni wako au wa watu wawili. Kama mnachanganya tu vimiminika vilivyokenekwa tayari, bado ni darasa zuri la kuchanganya, ila usilipe bei ya kukeneka. Uliza kabla.

Kwa mtungi wa nusu lita ya spiriti ya asilimia 50, anza na gramu 10 za junipa iliyopondwa kidogo, gramu 4 za giligilani, nusu gramu ya mzizi wa anjelika, gramu moja ya ganda kavu la limau lisilo na ule weupe wa ndani (ndio unaotia uchungu), na punje moja ya iliki. Moja, tafadhali. Iliki, karafuu na mdalasini ndivyo vinavyoharibu chupa nyingi za wageni, kwa sababu kwenye bakuli vinanukia vizuri na kwenye mvuke vinatawala kila kitu. Chagua kitu kimoja cha kuwa sauti ya pili baada ya junipa, vingine visikike kwa mbali.

Moto uwe mdogo. Tone zidondoke au mkondo uwe mwembamba kama uzi. Ukija kwa kasi, mafuta mazito yanapanda mapema na jini inakuwa na ladha ya sabuni. Mililita 5 hadi 10 za kwanza zimwagwe. Onja kila mililita 50 zinazotoka, tone moja kwenye maji. Ikianza kunukia nyasi zilizopikwa, funga hapo hapo hata kama bado inatoka. Tamaa ya ujazo ndiyo inayoingiza mkia.

Kupunguza ni hesabu: ujazo zidisha asilimia, gawanya kwa asilimia unayotaka. Ukipata mililita 250 za asilimia 78 na unataka 42, ni 250 × 78 ÷ 42 = 464, yaani maji mililita 214 hivi. Tia maji kidogo kidogo, yasiyo na madini mengi. Maji ya bomba ya Barcelona yana madini mengi na yanaweza kuacha mashapo. Ukiionja siku ileile itakuwa na makali yasiyotulia. Ipe wiki mbili.

Nanga

Nina neno na Mzee kuhusu glasi ya mwisho. Hiyo balón haina kosa, kosa ni barafu chache. Ijae mpaka juu, vipande vikubwa na vikavu. Vipande viwili vinayeyuka ndani ya dakika chache na unakunywa maji. Mililita 50 za jini kwa 150 za toniki kama jini ni nyepesi, 200 kama ni kali. Hispania baa nyingi humimina kwa jicho bila kipimo, kwa hiyo namba za Hesabu_Kali ziongeze kidogo. Na pambo liwe moja. Bustani nzima ndani ya glasi inaficha jini uliyokuja kuionja.

Binti, ukipewa nafasi ya kuchagua, omba Gin Mare kwenye zile za majani: inatengenezwa Vilanova i la Geltrú, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Barcelona, kwa zeituni za aina ya arbequina, rozmari, na mrehani. Weka karibu yake Gin de Mahón kutoka kisiwa cha Menorca. Hiyo jina lake linalindwa kisheria Ulaya, na asili yake ni karne ya 18, Waingereza walipokuwa wameshika bandari ya Mahón na mabaharia wakitaka jini. Spiriti yake inatokana na zabibu, si nafaka, ndiyo maana iko laini katikati ya ulimi ingawa mimea yake ni ya kawaida. Kisiwani wanaichanganya na maji ya limau yenye sukari na kuiita pomada. Kuonja hizo mbili kwa kufuatana kunafundisha kuliko sita zisizo na uhusiano.

Chupa: mkononi haipiti, ni zaidi ya mililita 100. Kwenye begi la kupakiwa, pombe ya zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 inaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria, ikiwa kwenye kifungashio cha kuuzia kilichofungwa. Hapo chupa ya darasani ina utata: waombe waifunge kwa kizibo chenye muhuri na waandike asilimia kwenye lebo, la sivyo mkaguzi anaweza kuikataa. Kizibo cha kusukuma kizungushie utepe, kwa sababu shinikizo likibadilika kinaweza kuchomoka chenyewe. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, kisha katikati ya nguo, si pembeni mwa begi. Ukiunganisha ndege, mzigo ukatishwe tiketi mpaka mwisho wa safari. Ukilazimika kuuchukua na kuurudisha njiani, chupa haitoki kwenye begi.