Tupeane uzoefu: nani ameshusha volteji ya prosesa ya kompyuta ili betri imfikishe jioni?

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Jambo bandugu. Nina kibanda cha picha na video hapa Kadutu. Mwenye kazi kama yangu anajua: umeme ukienda unaanza kuzibania wati kama mafuta ya kupikia mwisho wa mwezi.

Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600, ile chipu inayofanya hesabu zote. Madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ikiachwa ijiamulie, inaipa prosesa volti 1.3, mara 1.4. Niliingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka, nikaifunga kwenye volti 1.1 na gigahezi 3.8. Kabla ya hapo, nikitoa video, kipimo nilichochomeka ukutani kilisoma wati 128. Sasa kinasoma 95. Betri yangu ni ya volti 12, Ah 100, na nusu tu ndiyo naitumia nisiiue. Ilikuwa inanibeba muda wa saa tatu na nusu pamoja na skrini. Siku hizi inapita saa nne. Hakuna uchawi hapo. Umeme ambao prosesa inakula ikiwa kazini unafuata volteji mara volteji. Toka 1.35 hadi 1.2 kwa kasi ileile na umeshapunguza karibu moja ya tano.

Feni nayo imetulia, wateja hawaniulizi tena kama nimewasha jenereta.

Leteni za kwenu, hasa zilizowaharibikia.

MamaSeva (Nguba)
Kaka, samahani, mimi si mtu wa mambo hayo. Kwetu umeme ukishuka hadi volti 160 stabilizateri inalia na friji inagoma. Sasa nyie mnapunguza tena kwa mikono yenu?

Fundi_Kadutu
Hapana Mama, hizo ni volti za ukutani, zikishuka ni hasara tupu. Pawa saplai inazigeuza kuwa volti 12, halafu madabodi inazishusha tena hadi volti moja na kitu kwa ajili ya prosesa. Tunachogusa ni hiyo ya mwisho. Friji yako haihusiki kabisa.

Yaya_Studio (Ibanda)
Mimi iliniharibikia. Nina prosesa ya Ryzen 5 5600X, na kwa hizo kuna Kavu Optimaiza (Curve Optimizer), mpangilio wa BIOS wa kushusha volteji: unaipa kila koa, yaani kila kiini cha prosesa, namba, kikomo hasi 30, kila hatua ni milivolti 3 hadi 5 hivi. Kijana mmoja akaniambia weka hasi 30 zote, kila mtu anafanya hivyo. Nikaweka. Nikaitesa mchana mzima kwa Cinebench na Prime95, programu za kuipa prosesa kazi nzito, ikatulia. Nikajisifu.

Usiku nikaiacha inapakua faili, hakuna kazi yoyote nzito. Asubuhi nakuta imejizima na kuwaka upya. Kesho yake vilevile. Nikalaumu umeme, nikalaumu onduleri (UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba), nikanunua hata kebo mpya. Wiki ya pili ndipo nikafungua kumbukumbu za Windows: WHEA namba 18, yaani taarifa ya hitilafu ya prosesa yenyewe, mara zote koa ileile. Kumbe prosesa ikiwa na kazi nyingi inashuka kasi yenyewe, kwa hiyo volteji ndogo inaitosha. Hatari iko pale koa moja inapoamka ghafla na kuruka hadi kasi ya juu kabisa. Prime95 kwa koa zote haikuonyeshi hilo.

Sasa koa zangu mbili bora, zile zinazoruka juu zaidi, ziko hasi 10, nyingine hasi 20. Miezi minne haijazima. Prosesa ya kijana yule inakubali hasi 30 kweli, lakini chipu ni kama watoto wa tumbo moja, hawafanani.

LaviNyeusi (Goma)
Yangu ni fupi. Nilipunguza milivolti 150 kwenye 3600 kama yako. Joto likashuka, kasi kwenye skrini ileile, nikafurahi. Halafu napima Cinebench: alama zimeanguka vibaya! Prosesa hizi zikikosa volteji zinajivuta kimyakimya bila kuzima, na namba ya kasi unayoiona inabaki nzuri. Pima kazi yenyewe, usiamini gigahezi za skrini. Nilirudi kwenye milivolti 50.

Na kabla ya yote toeni vumbi. Hapa kwetu vumbi la mawe ya volkano linaingia hadi kwenye roho. Kusafisha feni na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa kulinishushia digrii nyingi kuliko BIOS.

Mzee_wa_Bagira
Vijana, msiwadanganye watu wa ofisi. Mashine yangu ni ya kuandika barua na kufotokopi. Nilipunguza volteji, nikapima: nimeokoa wati 3 tu! Prosesa isiyo na kazi inalala yenyewe. Nilipopunguza mwanga wa skrini nilipata zaidi. Hii ni dawa ya wenye kazi nzito.

Mukubwa_Lushi (Lubumbashi)
Mimi nilishuka kwa pupa hadi volti 0.9. Skrini nyeusi, haiwaki, na delestaji, ule mgao wa umeme, inakuja baada ya saa moja. Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa ile betri ya duara CR2032 ya madabodi, inayotunza mipangilio ya BIOS, nikasubiri dakika tano, nikarudisha. Ikawaka na mipangilio ya kiwandani. Andikeni namba zenu kwenye karatasi kwanza.

Fundi wa Kadutu, swali. Ukiifunga gigahezi 3.8 huipotezi ile 4.2 ambayo koa moja inaweza kufika?

Fundi_Kadutu
Naipoteza, mkubwa, sikatai. Nikifungua picha kubwa naona imechelewa kidogo. Kwa anayeanza nisingemwambia afuate yangu. Achague modi ya Eco, ile ya kubana umeme, au ashushe kikomo cha wati: 3600 inaruhusiwa wati 88, unaweza kuipa 60, volteji ikajipanga yenyewe. Hakuna kuzimika ovyo.

Yaya_Studio
Ningesikia hilo kabla ya kununua kebo.

MamaSeva
Aksanti. Mwanangu amesoma hapa, ameweka hiyo Eco. Onduleri haijalia leo, ila ilizima palepale tulipochapa.

Fundi_Kadutu
Mama, printa ni ya leza? Hizo zinavuta umeme mwingi kwa mpigo. Itoeni kwenye onduleri leo hii.