Land Rover ya marehemu baba yatoa moshi mweusi tangu kabureta ifunguliwe, naomba ushauri

MtotoWaBarani
Asalam aleikum wote. Niko Malindi, nina shida na Land Rover ya marehemu babangu, Series III ya petroli, injini ile ya lita 2.25, na kabureta ni Zenith 36 IV yake ya tangu zamani. Gari hii ndiyo iliyotusomesha, baba akipakia nazi Marafa analeta mjini, na alipofariki ikakaa chini ya mwembe miaka mitatu hakuna aliyeigusa. Sasa nimeamua kuifufua. Fundi alikuja nyumbani akafungua kabureta akaiosha na petroli, gasketi ya juu ilikuwa ishakatika kwa hivyo akapaka siliko, ile gundi ya kuzibia, akafunga. Tangu siku hiyo asubuhi yawaka vizuri tu, balaa ni ikishapata moto. Yatoa moshi mweusi, yanuka petroli mpaka kwenye nguo, plagi ukizitoa zina masizi kama sufuria ya kuni, na nikisimama mahali injini yasitasita halafu yazima. Juzi imenizimikia karibu na daraja la Sabaki natoka Mambrui na mamangu yuko ndani, tukakaa juani kama nusu saa ndio ikakubali. Skrubu ya mikscha, ile ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, nimeizungusha ndani nje, hakuna kinachobadilika. Fundi asema kabureta imekufa ninunue nyengine. Ni kweli? Sitaki kuitupa kama yaweza kupona.

Pilipili_Kavu
Pole sana ndugu. Mimi ningeitupa, nitafute kabureta ya pikapu ya Kijapani nichongeshe bamba la kuunganishia maisha yaendelee. Vyuma vya zamani vyamaliza pesa.

Ami_Spana
Mwanangu usinunue kitu bado, na hilo bamba pia usikimbilie, utaingia kwenye shida nyengine ya jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, zisizolingana na injini yako. Rambirambi kwa mzee kwanza, Mungu amrehemu.

Anza na vitu vya bure. Rudisha choki (ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi) mpaka mwisho halafu funua boneti uangalie kwa macho kama kile kibati cha choki kimefunguka kabisa, maana waya ukishika kutu kitasa kinarudi ndani lakini kibati kinabaki nusu, na hapo lazima moshi uwe mweusi. Pili fungua chujio ya hewa, hiyo yenu ni ile ya kukaa kwenye oili, kama mtu aliijaza kupita alama au ina tope la vumbi la Marafa injini haipumui.

Kama hivyo viwili ni sawa basi mimi naamini ugonjwa ni ule ninaoujua kwenye Zenith hizi. Kabureta hiyo ina kipande cha juu na kipande cha chini, na katikati pana njia za petroli zilizokatwa kwenye chuma chenyewe. Chuma ni laini. Miaka na miaka ya joto la injini na mafundi wanaokaza skrubu kwa hasira, ule uso wapindana kidogo, jicho halioni, na pia kuna oringi ndogo, pete ya mpira ya kuzibia, pale ndani ambayo ikikauka au ikisahauliwa mambo ni yale yale. Petroli yapata njia ya mkato, injini yaivuta bila kupitia kwenye tundu la kuipima. Ndio maana skrubu yako haifanyi kazi, wewe wafunga mlango na maji yapita dirishani. Siliko nayo ni makosa makubwa, petroli yaila, vipande vyake vyaenda kuziba jeti.

Toa betri, fanyia nje mbali na jiko na sigara. Fungua, tenganisha vipande, toa kila kitu kilichochomoza kwenye uso. Chukua maka uchore uso wote, halafu weka msasa wa maji nambari 400 juu ya kioo kizito cha dirisha, tia maji kidogo, usugue kwa mwendo wa nambari nane bila kukandamiza. Mara chache tu kisha geuza uangalie. Pale wino umetoka ndipo palipo juu, pale umebaki ndipo pamebonyea. Endelea mpaka wino uishe wote na usizidishe. Kila kipande kivyake. Ukimaliza osha mpaka pasibaki hata chembe ya msasa.

KasaWaLamu
Mimi niko Lamu huku kwetu ni punda na boti, gari sina, lakini kabureta za mashini za boti nafungua kila wiki kwa sababu ya maji chumvi. Jeti usiingize waya hata siku moja, tundu lapanuka na hapo ndio itakunywa mafuta kweli. Tumia mshipi wa kuvulia ule mwembamba, kisha puliza kwa pampu. Ukiona unga mweupe kwenye chuma hiyo ni kutu ya chumvi ya hewa yetu, usuguwe na mswaki. Na floti, lile boya dogo la kwenye bakuli ya petroli, itumbukize kwenye maji ya moto, ikitoa mapovu imetoboka, petroli yaingia ndani yazama nayo na kabureta yafurika. Ile sindano ya floti pia itazame nchani, ikiwa na mfereji wa duara haizibi tena.

BintiMambrui
Mimi nauliza hiyo oringi haiwezi kuwa ya bomba la maji? Hapa dukani ziko za saizi zote.

Ami_Spana
Hapana binti yangu. Ya bomba ikinywa petroli yavimba na kulainika, baada ya siku chache mwarudi palepale. Yatakiwa ya Viton, mpira usioharibiwa na petroli, au anunue seti nzima ya gasketi ya kabureta hiyo. Aulizie Kirinyaga Road Nairobi wampakilie kwenye basi. Na wakati wa kufunga gasketi iwe kavu, skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa msalaba, mkono wa kawaida tu. Mikscha anze kwa kufunga polepole mpaka ikae kisha afungue mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa moto ndio airekebishe.

Poinzi nazo, zile za kukata umeme wa plagi, apime nafasi yake wakati huo huo, iwe kama milimita 0.4.

MtotoWaBarani
Wallahi nimewasomea wote mara mbili mbili. Choki ilikuwa sawa. Chujio ilikuwa na tope nimeosha, moshi haukupungua. Leo asubuhi nimefungua. Ami, wino ulibaki pembe mbili nzima kana kwamba sijasugua! Oringi haikuwepo kabisa, na kwenye bakuli ya petroli mlikuwa na siliko imejikunja kama minyoo. Floti ni nzima. Nimesugua kama saa moja hivi kwenye kioo cha kabati la mama (ameruhusu mwenyewe), seti imefika na basi la jana.

Imewaka saa kumi. Nimekwenda nayo mpaka Gede na kurudi, nikasimama makusudi kila kituo na haikuzima, na skrubu ya mikscha nikiigusa kidogo tu injini yabadilisha sauti. Mama alikuwa barazani, akasema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia baba akirudi. Nilishindwa kumjibu.

Imebaki kitu kimoja, nikikanyaga mafuta ghafla yashtuka kwanza kisha ndio yaenda.

Ami_Spana
Mashallah. Hiyo ni pampu ya ekseleta, ile ndogo ndani ya kabureta inayorusha petroli ukikanyaga mafuta. Zima injini, toa bomba la hewa, chungulia kooni huku wavuta mkono wa mafuta. Yatakiwa kuruka mrija wa petroli wenye nguvu.

MtotoWaBarani
Nimechungulia na tochi. Latoka tone tu, wala haliruki. Kesho baada ya Fajiri nafungua tena niangalie ile pampu na valvu yake, nadhani kuna siliko imebaki huko chini.