Naomba ushauri: kasuku aliyelelewa kwa mkono aachiwe msituni au abaki kituoni?

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninafanya kazi katika kituo cha kuhifadhi kasuku kilichoko pembezoni mwa msitu wa mvua, na wengi wa ndege wetu ni kasuku wa kijivu waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa magendo. Tunaandaa kundi la kurejeshwa msituni kabla mvua hazijaanza, na jambo linaloninyima usingizi ni hili: je, ni haki kumjumuisha katika kundi hilo kasuku aliyelelewa kwa mkono, au ni afadhali abaki kituoni maisha yake yote? Wenzangu kazini wamegawanyika. Sanduku alilofika nalo ndege ninayemfikiria lilikuwa la kutisha, kwa maana ndege walikuwa wamebanana humo, mabawa yameganda kwa ulimbo, na wengine walikuwa wamekatwa manyoya ya kurukia kwa mkasi. Kuwaondolea ulimbo tu, kwa mafuta ya kupikia na kisha sabuni laini, unyoya mmoja baada ya mwingine, kulitula siku nyingi. Naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Nokoa Mstaafu
Kabla ya kuuliza habari za msitu, mtu aniambie kwanza mnawalisha nini. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikisimamia vizimba, na ninasema bila kumung'unya maneno kwamba mbegu za alizeti zimeua kasuku wengi kuliko mwewe. Ndege anayekula mbegu peke yake hupungukiwa vitamini A, na kasuku wa kijivu hasa hupungukiwa kalsiamu mpaka akaanguka akitetemeka kama mwenye kifafa. Mpeni karoti, boga, mboga za majani, na matunda ya michikichi ambayo ndiyo chakula chake cha asili; parachichi lisiingie kabisa, kwa sababu ni sumu kwake. Na kama jiko lenu liko karibu na vizimba, msitumie sufuria zile zisizogandisha chakula, kwani zikipata moto kupita kiasi moshi wake humuua ndege kabla mpishi hajanusa chochote.

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Ahsante, mzee wangu. Chakula chetu ni kizuri na hatutoi parachichi. Swali langu lilikuwa juu ya kumwachia.

Bi Kidawa
Mwanangu, umenikumbusha kasuku wa marehemu mjomba wangu, ambaye alimzika mwenye mali na akaendelea kukohoa kwa sauti yake kila alfajiri, hata mjane akaomba ndege ahamishiwe nyumba nyingine. Watu huwachukua viumbe hawa bila kujua kwamba wanaweza kufikisha miaka 40, wengine 60, na kwamba watarithiwa kama shamba. Kwetu alizunguka nyumba tatu. Mpaka leo ninaamini alikuwa akitafuta kundi lake, ingawa sina hakika kwamba aliwahi kulijua.

Sina Papara
Mleta uzi, unauliza kana kwamba ni jambo la jumla, lakini umeandika "ndege ninayemfikiria". Kwa hiyo yuko mmoja. Nani alimlea, na analala wapi usiku?

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Yuko mmoja, ni kweli. Aliletwa akiwa kinda asiye na manyoya na mimi ndiye niliyemlea. Analala chumbani kwangu, lakini tafadhali msiharakishe kuhukumu. Kinda wa umri ule hulishwa mara nyingi mchana na usiku, na uji wake lazima uwe na joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi: ukipoa hauteremki vizuri kutoka mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo, na ukizidi moto unauunguza mfuko huo. Chumba changu ndicho kilichokuwa na taa ya kumpasha joto. Sasa amekua, anaruka, ila jioni huja mlangoni na kuiga mlio wa komeo langu likifunguliwa, sawasawa kabisa, kile kiugumu cha kwanza na kisha mkwaruzo, mpaka nimfungulie.

Mpiga Soga
Yaani ndege amejifunza kufungua mlango bila kugusa komeo. Tutegemee siku moja mtunzaji alale kizimbani na kasuku akague zamu.

Daktari wa Mifugo
Tucheke, lakini hapa pana jambo zito. Ndege anayelala chumbani kwa mtumishi ambaye mchana huingia kwenye vizimba vya karantini amevukishwa mpaka ambao karantini iliwekwa kwa ajili yake. Virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya huenea kwa vumbi la manyoya na kinyesi, na vumbi hilo hukaa kwenye nguo. Ndege anaweza kuwa navyo bila kuonyesha dalili yoyote. Pia iko homa ya kasuku, inayotokana na bakteria, nayo humpata hata binadamu: homa, maumivu ya kichwa, kikohozi kikavu. Kabla ya mjadala wa kumwachia au kutomwachia, apimwe, na baada ya muda apimwe tena. Kumpeleka msituni ndege mgonjwa ni kuwaambukiza ndege wa mwituni ambao hawakukukosea lolote.

Sheria Kwanza
Naomba niweke wazi kwamba kasuku wa kijivu si wa mtu binafsi kuamua. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, zilikubaliana kumhamishia Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya wanaolindwa kuliko wote, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku. Nchini Ghana, watafiti walikadiria kwamba tangu mapema miaka ya 1990 idadi yao imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99. Mtu anapomfanya mmoja wa hawa waliobaki kuwa mwenzake wa chumbani, hata kwa mapenzi, anapaswa kujiuliza ana tofauti gani na aliyemweka sandukuni.

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Tofauti ni kwamba aliyemweka sandukuni hakuamka saa nane usiku kumlisha. Samahani kwa ukali, lakini neno hilo limenichoma.

Msomaji wa Kando
Nirudi kwenye swali. Kule Arizona, Marekani, kuanzia mwaka 1986 walijaribu kuwarejesha kasuku wenye midomo minene katika misitu ya misonobari, na waliolelewa na binadamu walikuwa na shida ya kujiunga na kundi. Mwewe walikuwa miongoni mwa sababu kubwa za mradi huo kushindwa na kusitishwa. Hata hivyo upo mfano wa upande wa pili. Kasuku wa Puerto Rico walibaki 13 tu mwituni mwaka 1975, na baadaye waliozaliwa vizimbani waliachiwa, baada ya kufundishwa kwanza kumwogopa mwewe kwa kuonyeshwa kivuli chake juu ya kizimba na kusikilizishwa sauti za hatari. Kwa hiyo ningeuliza: huyu ndege wako, kivuli kikipita juu, hufanya nini?

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Wenzake hunyamaza na kuganda. Yeye huruka kuja begani kwangu.

Sina Papara
Na nani huendesha jaribio la kuruka, yule anayeandika katika daftari nani amefaulu na nani hakufaulu?

(Mleta uzi hakujibu mpaka siku ya pili.)

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Ni mimi. Nimesoma maswali yenu yote na sitakwepa. Katika daftari la zamu nimekuwa nikiandika kwamba bawa lake la kushoto ni dhaifu na kwamba hamalizi urefu wa kizimba cha mazoezi, ilhali anaumaliza na kurudi. Nimeandika hivyo kwa sababu orodha inafungwa hivi karibuni na hakuna safu ya kuandika "ndege huyu humkimbilia binadamu". Ningeeleza ukweli ningeambiwa kwamba mabawa mazima ndiyo kigezo, na angewekwa kwenye kreti pamoja na wengine. Nimekwisha kuandaa pendekezo kwamba abaki kuwa ndege wa kuelimishia wageni. Sioni kwamba nimedhulumu mtu. Mtu anayemjua ndege kuliko wote ndiye anayepaswa kuamua, na hapa ni mimi.

Bi Kidawa
Lahaula. Mwanangu, hilo ndilo ulilopaswa kulitaja mwanzoni.

Jicho la Kengewa
Nimefuatilia uzi huu tangu juzi na ninadhani tunanyweshwa chai. Angalieni wenyewe. Mwanzoni anasema ndege huyu alifika na sanduku la kasuku walioganda kwa ulimbo. Baadaye anasema aliletwa akiwa kinda asiye na manyoya. Kinda hanaswi kwa ulimbo, kwa sababu ulimbo hupakwa matawini ambako ndege wazima hutua. Kinda hutolewa kwenye tundu la mti. Kwa hiyo ama sanduku ni la uongo ama kinda ni wa uongo. Halafu kituo gani kinamwachia mtu mmoja kulea, kulaza, kupima na kuandika daftari? Huyu anatunga hadithi, na ninyi mnampa semina ya bure.

Mpiga Soga
Kama ni chai, basi imeungwa tangawizi, maana hata mlio wa komeo ameuandika.

Nokoa Mstaafu
Kengewa, jicho lako ni kali lakini hujawahi kufungua sanduku la magendo. Mnunuzi wa njiani hukusanya kutoka kwa wawindaji mbalimbali, huyu kanasa wazima, yule kapanda mti akatoa makinda, na wote hutiwa pamoja ili shehena ijae. Mimi nimetoa kinda aliye hai chini ya wazima waliokufa. Ama hilo la mtu mmoja kushika kazi nne, hiyo ndiyo hali ya vituo vingi, kwani asubuhi kuna kuosha sakafu, kubadili maji ya dawa ya kukanyagia, kukata matunda na kupima uzito, na anayejua kazi ndiye anayeongezewa. Sijui kama mleta uzi ni mkweli. Lakini tatizo alilolieleza lipo, na liko katika daftari.

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Walikuwa pamoja katika sanduku hilo hilo, chini kabisa, juu ya maranda. Asiyetaka kuamini asiamini.

Jicho la Kengewa
Nimekubali hoja ya Nokoa kuhusu sanduku. Ya chumba na daftari bado naiweka kando.

Daktari wa Mifugo
Na iwe kweli au isiwe, jibu halibadiliki. Pendekezo lako la kwamba huyu ndege asiachiwe sasa huenda likawa sahihi. Anayekimbilia bega la mtu atakimbilia bega la mtegaji. Ila umelijengea juu ya bawa ambalo si bovu. Daktari wa kituo atampiga picha ya eksirei, atakuta mifupa mizima, na kuanzia hapo kila ulichoandika kuhusu ndege wengine kitatiliwa shaka, wakiwamo wale wenye mabawa mabovu kweli ambao wataachiwa na kuanguka. Andika upya, kwa tarehe ya leo, bila kufuta yaliyotangulia: anaruka vizuri, haogopi binadamu, hafuati kundi. Hayo ni matokeo ya kitabia, na mradi wowote wa kurejesha ndege unayahitaji kuliko urefu wa kizimba.

Nokoa Mstaafu
Niongeze. Ahame chumbani wiki hii, akae kwanza peke yake mpaka majibu ya vipimo yatoke, kisha awekwe na kasuku wawili watatu wa umri wake ambao nao hawamo kwenye orodha. Alishwe na mtu mwingine asiyemsemesha. Atapiga kelele, huenda akajinyonyoa manyoya ya kifuani, na uzito utashuka kidogo. Mpimeni kila asubuhi, na ukiendelea kushuka mwiteni daktari. Nimeona waliochukua mwaka mzima kisha wakajiunga na kundi, na nimeona wasiojiunga kamwe. Msimu ujao apimwe tena.

Mtunza Vizimba (mleta uzi)
Daftari nitaliandika upya, ingawa bado naamini nilikuwa na sababu. Jaribio la kuruka la kesho litaendeshwa na mwenzangu wa zamu ya jioni. Nauliza jambo moja tu: nisimame umbali gani ili asinione lakini mimi nimwone?

Nokoa Mstaafu
Usisimame popote. Nenda ukakate matunda mpaka uitwe.