"Inch along" si kutambaa: tafsiri hizi zimenichosha

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Kwa wiki nzima nimekuwa nikihariri tafsiri ya hadithi fupi iliyofanywa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, na kila Kiingereza kilipoandika "inch along", yaani kusogea kidogo kidogo, yeye ameandika "kutambaa kando ya". Mzee mwenye mkongojo, ambaye katika matini asilia anapita kwenye korido huku mkono mmoja ukipapasa ukuta, kwa Kiswahili chake "alitambaa kando ya korido", kana kwamba ameanguka chini na, juu ya hayo, yuko nje ya jengo.

Hiyo "along" haimaanishi pembeni. Ikifuatwa na korido, maana yake ni kuifuata korido kwa urefu wake. Na ikisimama peke yake baada ya kitenzi cha mwendo, inaonyesha tu kwamba safari inaendelea, ndiyo maana gari linaweza "inch along" katika sentensi isiyotaja barabara yoyote. Nayo "inch" ni inchi hii hii ya rula, sentimita 2.54, iliyogeuzwa kitenzi: mtu anasogea kidogo mno, kisha kidogo tena. Magoti na tumbo vimeingiaje hapo?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hatukupungukiwa na maneno. Mzee mwenye mkongojo hujikongoja. Aliyechoka au anayeumwa hujikokota, aliyekaa chini akajisukuma kwa makalio husota, anayevizia hunyata, na mradi uliokosa fedha husuasua. Foleni ya magari, kama hukupata kitenzi kinachokuridhisha, andika kwamba inasogea inchi kwa inchi, na hakuna atakayekulaumu. Kila kimoja kina mwili wake na sababu yake ya kuchelewa, ilhali "kutambaa" tumezoea kumwachia mtoto mchanga, nyoka na mmea wa maboga.

Nilipomwuliza mtafsiri huyo, alinijibu kwamba programu ya tafsiri ndivyo ilivyompa na kwamba msomaji ataelewa tu. Ataelewa nini, ikiwa ukurasa unaofuata mzee huyo huyo anainua mkongojo kugonga mlango?

Nilimrudishia kurasa zote jana. Leo asubuhi ameniletea toleo jipya, na mzee wetu sasa "anainchi kuelekea mlangoni".