Uandishi wa habari: Nairobi, Daystar au KIMC? Nani katoka wapi, nani kafundisha wapi

BintiKizingo
Assalaam aleikum wanabaraza. Mdogo wangu kapata B ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ataka uandishi wa habari na si kingine. Baba alitaka asome biashara ashike duka la Marikiti, ila vita hivyo vishakwisha nyumbani. Sasa twachagua baina ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar, chuo kikuu cha kibinafsi, na diploma ya KIMC, chuo cha serikali cha mawasiliano. Kila tukifungua tovuti zao twakutana na picha za watu wa televisheni, ati huyu ni zao letu. Mnaojua, nani hasa katoka wapi? Na walimu je, ni watu waliowahi kufanya kazi yenyewe?

Mikrofoni_Zamani
Waaleikum salaam. Kwa majina tu, Daystar wana mwanahabari Larry Madowo, na hapo hawadanganyi, shahada yake ya mawasiliano ni ya kwao. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ufadhili wa Knight-Bagehot wa waandishi wa habari za biashara. Lakini tazama mpangilio: alipofika Columbia alikuwa keshapita televisheni za KTN na NTV, tena BBC walikuwa washamfanya mhariri wa biashara wa Afrika. Columbia nao wanaweza kubandika picha yake ukutani. Sasa niambie ni chuo kipi kilichomfunza, au ni vyumba vya habari?

Mtangazaji Jeff Koinange, ambaye watu hudhani kasomea hapa, alisomea New York University.

MpwaWaKibokoni
Mwacheni mtoto aende Harvard akasome fizikia 😂 Hilary Ng'weno ndivyo alivyofanya, akaja kuwa mhariri wa gazeti la Nation na mwaka 1975 akaanzisha jarida la Weekly Review. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, hakuwa na digrii ya uandishi. Na hapa kwetu Mvita, Mombasa, mshairi Abdilatif Abdalla alitoka gerezani mwaka 1972, akaja kutangaza BBC Idhaa ya Kiswahili London, kisha akafundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani. Sheikh Al-Amin Mazrui alitoa magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, papa hapa mjini. Kadhi! Hakuna aliyemuuliza cheti cha uandishi.

Mikrofoni_Zamani
@MpwaWaKibokoni hao ni watu wa zama zao. Leo bila cheti hata kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari utaipata kwa tabu. Usimpoteze dada wa watu.

KalamuNyekundu
Dada, orodha za wahitimu ziweke kando kwanza. Chuo chenye miaka hamsini hakikosi mtu maarufu. Skuli ya uandishi ya Nairobi ni ya 1970 na KIMC ni ya 1961, kwa hivyo ukiingia chumba chochote cha habari nchini utawakuta wahitimu wao, wazuri na wabovu. Mimi ningetazama walimu.

Kwa walimu, mifano ipo. Joe Kadhi aliwahi kuwa mhariri mtendaji wa Nation, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU, chuo kikuu cha kibinafsi cha Nairobi. Daystar wana Levi Obonyo, aliyekuwa mwandishi na baadaye mwenyekiti wa Baraza la Vyombo vya Habari. Mtu wa namna hiyo hafundishi kwa slaidi tu.

Mimi nilifunzwa na mhariri aliyekuwa akija darasani jioni akitoka zamu. Nilimpa habari ya msongamano wa feri ya Likoni, nimeanza na "Feri ni kiungo muhimu cha uchumi wa Pwani." Akaikata. Akakata aya ya pili na ya tatu. Aya ya nne palikuwa na mama muuza samaki aliyekwama ng'ambo na barafu yake yayeyuka. Akaandika pembeni: anzia hapa. Chini zaidi nilikuwa nimeandika "inadaiwa", akaizungushia duara: nani adai? Mpaka leo neno hilo linanitia hofu.

La pili, uliza wanafunzi huchapisha wapi. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua skuli yake mwaka 1908, na siku hiyo hiyo ya kwanza ya masomo wanafunzi wakatoa gazeti la kuuzwa mjini. Mwasisi wake, Walter Williams, hakuwa na shahada yoyote, alianza kama mwanagenzi wa uchapaji. Hadi leo chuo kinamiliki kituo cha televisheni, KOMU, kinachotazamwa na wakazi wa kawaida. Mwanafunzi akikosea jina la mtu, mwenyewe atapiga simu.

Nyali_Mama
Kijana wangu alianzia chuo kimoja cha kibinafsi hapa mjini, sikitaji. Studio ilikuwa kwenye brosha tu. Maikrofoni moja, darasa zima. Nendeni mkaone kwa macho kabla ya kulipa.

MpwaWaKibokoni
Haya, sasa kwa uzito. Mimi ni KIMC. Kama ataka redio au kamera, KIMC wanamshikisha vyombo mapema. Kama ataka kuandika, na huenda baadaye akaomba shahada ya pili nje kama mwanahabari Zubeida Jaffer wa Afrika Kusini aliyetoka Chuo Kikuu cha Rhodes huko kwao akaenda Columbia, basi digrii ni lazima. B yake inatosha kwa digrii, C+ ndiyo mpaka. Kuipeleka kwenye diploma ni hasara, nasema hivyo na mimi ni wa KIMC.

Ila @KalamuNyekundu, wahitimu usiwadharau sana. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa simu ya mtu aliyenitangulia miaka miwili. Si maarufu, hana picha popote.

KalamuNyekundu
Hapo sikupingi.

BintiKizingo
Shukran nyote. KIMC tumeitoa. Mdogo wangu kasoma haya yote, auliza swali moja tu: huyo mama wa samaki alivuka?

KalamuNyekundu
Alivuka saa tano usiku. Mpeleke Nairobi huyo, ana maswali. Na likizo hii abishe hodi redio za hapa, Pwani FM, Baraka au Radio Rahma, akubali hata kubeba waya.